Kitabu cha India na penseli ya Mwalimu

Kitabu kile kilifika Tanga kwa basi la jioni, mwishoni mwa Juni 2016, wiki chache kabla sijaanza kidato cha tano. Mjomba alikinunua Dar es Salaam kwa shilingi 25,000, kwenye vile vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini pembeni mwa barabara maeneo ya Posta. Kilikuwa kinene kama tofali, jalada limeshikwa na selotepu, na ukurasa wa kwanza kulikuwa na jina la aliyekimiliki kabla yangu, limekatwa kwa kalamu nyekundu. Mjomba alikiweka mezani kwa mikono miwili.

"Binti yangu, hiki ndicho wanachosomea vijana wa India wanaotaka kuingia vyuo vikubwa vya uinjinia kule kwao. Ukikimaliza hiki, mtihani wa hapa utauona wa kawaida tu."

Nilimwamini. Mjomba hakuwa mtu wa kupiga porojo, na alichosema kuhusu India kilikuwa kweli. Vyuo alivyovisema ni vile vinavyoitwa IIT. Cha kwanza kilianzishwa Kharagpur mwaka 1951, na leo viko 23. Ili kuingia, kijana wa India anafanya mtihani uitwao JEE, wenye hatua mbili, na wanaojiandikisha hatua ya kwanza huzidi milioni moja kwa mwaka. Nikasema moyoni, mtu anayepigania mlango mwembamba kiasi hicho, kitabu chake lazima kiwe kimesheheni.

Na kweli kilikuwa kimesheheni. Ila kilisheheni kwa ajili ya mtihani wa watu wengine, na ilinichukua karibu mwaka mzima kuliona hilo.

Kwa wasiojua mambo yetu, Tanzania hatuna mtihani wa pekee wa kuingia uhandisi. Mlango wetu ni mtihani wa kidato cha sita unaotungwa na Baraza la Mitihani, NECTA, na kwa miaka yetu ulifanyika Mei. Ukitaka uhandisi unasoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu za juu ambazo sisi tulizoea kuziita Advansi. Matokeo yakitoka, kila alama inageuzwa pointi za udahili: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, cha kuingia shahada ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa alama ya kati ya A na E, zenye jumla ya pointi 4, lakini kozi za uhandisi zinagombaniwa, na mwenye pointi nyingi ndiye anayetangulia. Kwa hiyo mtihani mmoja wa Mei ndio mtihani wa kumaliza shule na ndio huohuo wa kuingia chuo. Ukikosea kujiandaa nao, hakuna mwingine unaokungoja mwezi unaofuata.

Nyumbani kwetu ni Ngamiani. Mama alikuwa akichukua samaki soko la Deep Sea asubuhi, jioni anawakaanga na kuwauza barazani. Shule ilikuwa ya bweni lakini mimi nilikubaliwa kuwa wa kutwa, nikawa naenda kwa baiskeli kama nusu ya watu wa mji huu wanavyokwenda kazini. Tulikuwa 42 kwenye PCM, wasichana 7. Nilikuwa nimefaulu vizuri kidato cha nne, na sikuwa na wasiwasi wa akili yangu. Wasiwasi wangu ulikuwa vitabu. Niliamini kwamba wanaofaulu wana vitu vya kusomea ambavyo sisi wengine hatuna, kwamba mahali fulani kuna kitabu, au notisi, au mwalimu wa tuisheni, ambaye ukimpata tu umeshafika. Imani hiyo ndiyo iliyonigharimu kuliko kitu kingine chochote.

Basi nikaanza kupiga msuli na kitabu cha India. Kila usiku, Mama akishamaliza kuosha karai, ile meza inakuwa yangu mpaka saa sita. Sura za mekanika zilinikamata. Gurudumu linaloviringika bila kuteleza kwenye mteremko, kamba inayopita kwenye kapi mbili, mtu anayetembea juu ya ubao unaoelea: maswali yale yalikuwa matamu, na mengi yalikuwa ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Unapiga hesabu pembeni, unaona jibu lako liko kwenye B, unaweka alama, unaendelea. Kuna usiku nilifanya maswali 60. Nilikuwa nikiandika idadi nyuma ya daftari, na idadi ile ikipanda naona kama napanda na mimi. Desemba mjomba akaniletea na kitabu cha Hesabu, ndugu wa kile cha Fizikia.

Wakati huohuo nikaendelea kukusanya. Pale mjini kulikuwa na steshenari moja iliyokuwa ikitoa kopi za pamfleti za pasti pepa zilizokokotolewa, ukurasa shilingi 50. Nilikuwa na za Kemia tatu, za Advansi nne. Kwenye simu ya dada yangu kulikuwa na mafaili ya madesa, yaani notisi za kupeana, zaidi ya 200, kutoka kwenye magrupu ya wanafunzi wa mikoa yote, mengine sijayafungua hadi leo. Nikajiunga na tuisheni ya Jumamosi, shilingi 20,000 kwa mwezi, pesa ambayo Mama aliitoa bila kuniuliza swali, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa nikikumbuka.

Pamfleti zile nataka nizisemee zaidi, kwa sababu naona bado zinauzwa. Moja ya Advansi ilikuwa na swali la kutafuta eneo chini ya mstari uliopinda kwa kanuni ya Simpson. Aliyelikokotoa aligawa eneo vipande 5, akapanga namba zake, akazidisha kwa 4 na kwa 2 kwa zamu, akapata jibu, akalipigia mistari miwili chini. Lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri, na mwandiko mzuri una namna ya kukushawishi. Nikalikariri hatua kwa hatua. Kwenye jaribio la katikati ya muhula likaja swali la namna hiyo, nikagawa vipande 5, nikafuata njia yote. Mwalimu wa Hesabu alinipa sifuri ya swali zima na akaandika pembeni kwa wino mwekundu maneno mawili: "Vipande vingapi?"

Kanuni ya Simpson haifanyi kazi kwa vipande vya witiri. Inachukua vipande viwiliviwili na kupitisha mpindo mmoja juu yake, kwa hiyo idadi ya vipande lazima igawanyike kwa mbili. Kama ningelikuwa nimesoma maelezo ya kanuni kwenye kitabu chochote halali, hata kile cha kiada kilichochakaa, ningeliona kosa la pamfleti kwa jicho moja. Lakini sikuwa nimesoma maelezo. Nilikuwa nimeruka moja kwa moja kwenye majibu, na majibu yale hayakuwa na mwenyewe: hakuna jina la mwandishi, hakuna mwaka, hakuna mtu wa kumuuliza.

Mtihani wa kumaliza kidato cha tano ulipokuja, Mei 2017, nilipata 43 kwenye Fizikia. Hiyo ni E. Advansi nilipata 51. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akitumia daftari lake la darasani na kitabu kimoja cha kuazima, alipata 68 ya Fizikia. Siku ile sikupanda baiskeli, niliisukuma mpaka nyumbani.

Mwalimu wa Fizikia aliniita wiki ya mwisho kabla ya likizo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia nivute kiti.

"Unasomea nini nyumbani?"

Nikamwambia kitabu cha India. Nilikitaja kwa fahari kidogo, nakiri, kwa sababu nilidhani atashangaa kwamba ninacho.

"Kesho kilete. Na ulete penseli."

Kesho yake alikuwa na vitu viwili mezani: muhtasari wa somo, ule unaotolewa na Taasisi ya Elimu, na bunda la mitihani ya NECTA ya miaka kumi ya nyuma. Akachukua kitabu changu, akafungua ukurasa wa yaliyomo, akanipa penseli. Yeye anasoma mada kutoka kwenye muhtasari, mimi natafuta sura. Ikiwa imo na kina chake kinalingana, naweka tiki. Ikiwa imo lakini kitabu kimekwenda mbali kuliko tunavyohitaji, naweka duara. Ikiwa imo kwenye kitabu na haimo kwenye muhtasari, mstari. Tulikaa saa nzima na zaidi, na hakuwa na haraka hata kidogo. Tulipomaliza, ukurasa ule ulikuwa umejaa maduara. Sura nilizozipenda, nilizokesha nazo, karibu zote zilikuwa na duara.

Halafu akachukua karatasi nyeupe. "Sasa andika zile ambazo nimesoma na wewe hukuzipata."

Ya kwanza ilikuwa fizikia ya mazingira. Sikuwa na hata ukurasa mmoja wake. Akaniuliza, "Upepo unaathiri vipi mimea shambani?" Nikamwambia, hilo si la Jiografia, Mwalimu? Akafungua bunda, akanionyesha swali la namna hiyo kwenye mtihani wa Fizikia, kisha akanionyesha jingine la mwaka mwingine kuhusu joto la udongo, na jingine la mawimbi ya tetemeko la ardhi. Upepo huongeza upotevu wa maji kwenye majani, husambaza chavua na mbegu, na ukizidi hulaza mazao na kuondoka na udongo wa juu. Mtoto wa mkulima wa Muheza anaweza kulijibu akiwa amesimama. Mimi, niliyeweza kukokotoa gurudumu linaloviringika, nilikuwa nimeshaamua kwamba mada hiyo haipo duniani, kwa sababu haikuwa kwenye kitabu changu.

Upande wa Hesabu mambo yalikuwa hayohayo, niligundua baadaye nilipofanya zoezi lile mwenyewe. Kitabu cha pili cha mjomba hakikuwa na fanksheni za haipaboli, wala njia za kukadiria kama ya Newton-Raphson, wala swali la kutumia kikokotoo, ambalo kwenye karatasi ya kwanza ya Advansi ya NECTA ndilo lilikuwa swali la kwanza kabisa. Si kosa la waandishi wake. Waliandika kwa ajili ya mtihani wao, na mtihani wao haukuyauliza hayo.

Kisha Mwalimu akachukua karatasi yangu ya majibu ya Mei. Hili ndilo lililonifumbua macho zaidi ya yote. Swali la pendulamu, yaani kitu kinachobembea kwenye uzi, nilikuwa nimelijibu kwa mistari mitatu: kanuni, namba, jibu. Jibu lenyewe lilikuwa na kosa la desimali, na nilikuwa nimepata alama 1 kati ya 6.

"Hapa katikati ulifanya nini?"

Nikamweleza kwa mdomo, hatua zote, na zote zilikuwa sahihi hadi mahali nilipoteleza.

"Basi mbona hukuziandika? Msahihishaji hayumo kichwani mwako, mwanangu."

Mtihani wa India wa miaka ile, ile hatua ya kwanza, ulikuwa na maswali 90 ya kuchagua kwa saa 3. Ukipata unapewa 4, ukikosa unakatwa 1. Pale hakuna anayekusomea kazi yako. Anayejua njia ya mkato, anayefanya hesabu kichwani, ndiye anayewahi. NECTA kwenye karatasi za Fizikia na Advansi haikukati alama kwa kukosea, na inalipa hatua. Kila mstari ulio sahihi una chake, hata kama mwisho umeteleza. Kwa miezi kumi nilikuwa nimejifunza kwa bidii kubwa kuficha hasa kile ninacholipwa. Tabia ile haikuniingia kwa uvivu; iliniingia kwa maswali 60 ya usiku mmoja.

Naomba nieleweke: sisemi kitabu kile ni kibaya. Ni kizuri sana. Lakini kabla ya kuuliza kama kitabu ni kizuri, nilipaswa kuuliza kiliandikwa kumvusha nani, kwenye mtihani upi.

Likizo ile ya Juni nilikaa chini na kila nilichokuwa nacho. Pamfleti zote zisizo na jina la mtu nikampa Mama, akafungia samaki. Tuisheni niliacha, si kwa sababu mwalimu wake hakujua, alijua sana, ila alikuwa anafundisha mada ambazo tayari tulishazifundishwa shuleni, kwa mpangilio wake, na mimi nilikuwa nalipa kusikia mara ya pili nisichokuwa nimekifanyia mazoezi mara ya kwanza. Ile 20,000 nikamwomba Mama aendelee kunipa mwezi mmoja tu wa mwisho, nikanunua rimu ya karatasi na betri za kikokotoo.

Nikabaki na vichache. Daftari la darasani, kitabu cha India zile sura zenye tiki, na kitabu cha Fizikia cha Nelkon. Nelkon nilimpata Maktaba ya Mkoa pale mjini, lile jengo la tangu enzi za Mwingereza lililopewa jina la Mfalme George wa Sita. Ni kitabu cha Waingereza cha kidato cha sita cha kwao, na kwa kuwa mtihani wetu una damu ya mtihani wao, maelezo yake yanafuatana na namna NECTA inavyouliza: eleza, thibitisha, kokotoa. Kilikuwa hakiazimwi, ni cha kusomea mlemle, kwa hiyo Jumamosi yangu ikahamia maktaba. Feni inazunguka polepole, madirisha wazi, upepo wa bahari unaingia. Nilisoma pale vizuri kuliko nilivyowahi kusoma popote, na sikulipa zaidi ya ada ya uanachama.

Kitu cha nne kilikuwa cha bure kabisa, na nashangaa hadi leo ni wanafunzi wachache kiasi gani wanakijua. NECTA hutoa ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo, na ziko kwenye tovuti yao. Wanachukua swali moja moja la mtihani uliopita, wanaeleza lilikuwa linapima nini, watahiniwa wangapi kwa mia walifanya vizuri na wangapi walishindwa, na kwa nini. Halafu wanaweka picha za majibu yenyewe, ya aliyepata na ya aliyekosa, kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Nilikwenda intaneti kafe nikachapisha ya Fizikia na ya Advansi. Ukurasa fulani nikakutana na jibu lililokosewa la mtu nisiyemjua, ameruka hatua palepale ninaporuka mimi, kwa namna ileile. Nililitazama muda mrefu. Hakuna pamfleti iliyowahi kunionyesha hivyo kosa langu likiwa kwenye mkono wa mtu mwingine.

Tukawa wanne, mimi na rafiki yangu wa dawatini na wavulana wawili wa bweni. Kanuni yetu ilikuwa kwamba kila mmoja anafanya swali peke yake kwanza, kwa muda wa mtihani. Karatasi ya kwanza ya Advansi ilikuwa na maswali 10 kwa saa 3, kwa hiyo dakika 18 kwa swali. Mmoja anaweka saa, ikilia kalamu chini hata kama uko katikati ya mstari. Kisha tunabadilishana karatasi na kusahihishana hatua kwa hatua. Mijadala tulifanya kwa Kiswahili, majibu tunaandika kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka, na hapo tuligundua kwamba mara nyingi tulichokosa hakikuwa fizikia. Swali linasema "eleza" na sisi tumetaja tu. Rafiki yangu alianza kupigia mstari kitenzi cha kila swali kabla ya kugusa kitu kingine, sote tukamfuata.

Prakto ndiyo iliyobaki. Fizikia ya tatu ni ya maabara, na kwa miaka yetu ilikuwa na maswali matatu: moja la mekanika, moja la joto, moja la umeme. Maabara tulikuwa tunaingia kwa zamu, vifaa vichache, watu wengi. Niliona kwamba la joto na la umeme siwezi kulifanya nyumbani, lakini la mekanika naweza. Nikafunga jiwe dogo kwenye uzi, nikalining'iniza kwenye fremu ya mlango wa chumba chetu. Rula ya fundi cherehani, ya dada, ya kupimia urefu wa uzi. Simu ya dada, saa. Urefu wa sentimita 30, mizunguko 20, andika muda. Sentimita 40, mizunguko 20. Mpaka sentimita 90. Mama anapita na sinia la samaki anainama chini ya uzi ili asiuguse, hajui ninafanya nini, ila anainama.

Grafu yangu ya kwanza ya kipindi mraba (muda wa mzunguko mmoja ukizidishwa kwa wenyewe) dhidi ya urefu nilimpelekea Mwalimu. Namba zilikuwa sawa. Yeye hakutazama namba, alitazama skeli. Nilikuwa nimetumia miraba 3 midogo kwa kila kizio, kwa hiyo kila nukta ilikuwa inahitaji kugawa kwa tatu, na nukta zangu zote zilikuwa zimejibana robo moja ya karatasi.

"Skeli ya tatu ni kujitesa. Tumia 1, 2, au 5. Na grafu ichukue karatasi, usiibanie."

Nikachora upya. Mstari ukanyooka kutoka kona hadi kona, na mteremko wake ukatoka 4.1. Nadharia inasema mteremko huo ni 4π² gawanya kwa g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka, na ukigeuza unapata g ya 9.6. Kwa jiwe, uzi, na mlango wa Ngamiani! Usiku ule nilielewa kipimo cha kosa ni nini, kwa nini tunahesabu mizunguko 20 badala ya mmoja, na kwa nini swali la vipimo na makosa yake haliachwi kamwe. Maana ukihesabu mzunguko mmoja, kuchelewa kwa kidole chako kwenye saa ni sehemu kubwa ya jibu. Ukihesabu 20, kuchelewa kulekule kunagawanywa kwa 20. Nililisoma hilo mara nyingi bila kulipata. Uzi ndio ulionipa.

Mtihani wa majaribio wa mkoa nilipata C ya Fizikia, na C nyingine ya Advansi. Mei 2018 tukaingia mtihani wenyewe. Kwenye Fizikia niliandika hatua zote, hata zile nilizoziona za kitoto. Matokeo yalipotoka Julai nilikuwa na B ya Fizikia, B ya Advansi na C ya Kemia, wani ya saba, yaani daraja la kwanza kwa pointi 7, maana kwenye kupanga daraja A ni 1, B ni 2 na C ni 3, kinyume cha zile pointi za udahili. Mama aliuliza saba ni nyingi au ndogo, nikamwambia kwa hapa ikiwa ndogo ndiyo vizuri, akapiga kigelegele ambacho majirani wa barabara nzima walikisikia. Oktoba nilikuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uhandisi wa ujenzi.

Kule, mwaka wa kwanza, nilimwandikia dada anitumie kitabu cha India kwa basi. Zile sura za maduara, zilizonichelewesha Tanga, ndizo tulizokutana nazo kwenye mekanika ya chuo. Niliingia darasani ninazijua. Hapo kitabu kilikuwa kimefika kwenye mtihani wake.

Mwaka huu mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tano. Alikuja Ngamiani likizo, simu imejaa mafaili, akaniuliza swali lilelile la wakati wangu: "Shikamoo, Mama mdogo. Eti nisomee kipi?" Na ana ndoto mbili, jambo ambalo wakati wetu halikuwepo. Tangu mwaka 2023 IIT Madras ina kampasi Zanzibar, ya kwanza ya vyuo vile nje ya India, na yeye anataka ama huko ama Mlimani. Alikuwa ameshaona kitabu kile kabatini, akadhani Zanzibar na kitabu cha JEE ni kitu kimoja. Nikamwambia hapana, kampasi ile ina mtihani wake wa mchujo. Atafute kwanza maelekezo ya mtihani huo kutoka chuoni penyewe, ayachapishe, ndipo tujue kitabu hiki kinamsaidia wapi. Na kwa upande wa NECTA aje na muhtasari wake yeye, si wangu, kwa sababu mtaala uliboreshwa 2023 na sitaki asomee mtihani wa mwaka 2018.

Akaja navyo Jumapili. Tukakaa meza ileile. Nikafungua ukurasa wa yaliyomo, tiki zangu na maduara na mistari bado vipo, vimefifia kidogo. Nikampa kifutio. Akawa anafuta za kwangu sura kwa sura, mimi nasoma mada kutoka kwenye muhtasari wake, yeye anatafuta na kuweka alama zake mwenyewe. Ilipoadhiniwa alasiri tulikuwa tumefika sura ya kumi na moja.